Simu, laptopu au studio ya mtaani: mstaafu wa Mombasa arekodi wapi nyimbo zake?

Nilipostaafu ukarani wa bandarini nikiwa na miaka 60, wa kwanza kunishauri aliniambia nifuge kuku. Wa pili akasema ninunue tuktuk nimpe kijana aendeshe. Mke wangu ndiye aliyenijua: "Wewe zirekodi hizo nyimbo unazozinong'ona usiku kucha, na sisi wengine tulale." Nikatoa kabatini madaftari matatu ya tangu ujana, nikaanza.

Sasa ni mwaka wa tatu. Nimerekodi kwa simu, nimerekodi kwa laptopu, na mara mbili nimelipia studio. Rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa Kisauni, amepita njia hizo hizo kinyumenyume: alianzia studio akaishia kwenye simu. Barazani wenzetu wanaokaribia kustaafu hutuuliza mtu aanzie wapi asije akakizamisha kiinua mgongo chake kwenye mavyuma. Jibu langu na la mwalimu hayafanani. Nitayaweka yote mawili, ingawa kalamu ni yangu na nitajipendelea kidogo.

Kabla ya kifaa, chumba

Wengi huanza kwa kuulizia maiki. Mimi nauliza kwanza: chumba chako kinasikika vipi saa tatu na nusu asubuhi?

Naishi Mji wa Kale. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, zinazuia mengi, lakini madirisha hukaa wazi kutwa kwa ajili ya hewa, na humo huingia kunguru, honi za tuktuk, hamali wa mkokoteni wa maji akigonga mitungi yake, na adhana za misikiti isiyopungua minne, kila mmoja ukiutangulia mwenzake kwa nusu dakika. Adhana siilalamikii, naipangia. Narekodi watoto wakishakwenda skuli na kabla ya adhuhuri. Kijana mwenye kazi hazipati saa hizo hata akiwa na maiki ya bei gani.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, tuseme Disemba hadi Machi, joto halikuruhusu kuzima feni zaidi ya dakika kumi, na feni ya dari ikizunguka maiki hunasa mvumo wake wote. Kusi likianza kuvuma hewa huwa nafuu, lakini upepo hupiga mluzi kwenye mbao za dirisha na inabidi uzibe nyufa kwa vitambaa. Basi mimi kaskazi natunga, nimekaa kibarazani na daftari langu, na kurekodi nakuachia kusi.

Anayekaa kwenye fleti mpya za Bamburi au Nyali, vigae sakafuni na kuta tupu, ana shida iliyo mbaya kuliko kunguru wangu: mwangwi. Kelele ndogo ya nyuma programu itaipunguza, lakini mwangwi ukishaingia kwenye sauti ni kama chumvi iliyozidi mchuzini. Dawa yake iko nyumbani. Fungua milango ya kabati lililojaa nguo, simama ukilielekea, na nyuma yako usimamishe godoro. Sauti inayotoka kinywani inamezwa na nguo, na ile ambayo ingegonga ukuta wa nyuma na kurudi inamezwa na godoro. Mimi nimeongeza leso kuukuu za mke wangu juu ya kamba, mithili ya pazia la fungate. Anayeingia hucheka, ila rekodi haicheki.

Fanya hivyo kwanza, kisha ndio uchague kifaa.

Simu: mizani husikika hapa

Simu unayo tayari, na kwa mtu ambaye hajajua kama mchezo huu utamkaa, hiyo pekee inatosha kuwa sababu. Nitaisifia kwa jambo lingine zaidi: hakuna kifaa kilichonifunza kutunga kama simu.

Nikupe mfano. Wimbo wangu wa kwanza ulianza hivi kwenye daftari: "Nilihesabu makasha ya meli, usiku na mchana." Kwa macho nikaona sawa. Nikauimba kwenye simu, nikasikiliza, nikajisikia nikimeza lile "ya meli" kama mtu anayekimbilia feri ya Likoni. Nikahesabu kwa vidole: kipande cha kwanza kina mizani (silabi) 11, cha pili saba. Nyimbo zetu za mistari mitatu zinataka nane kwa nane, jumla 16 kwa mstari, na vina vya kati na vya mwisho vikae mahali pake. Nikakata, nikapanga, nikaimba tena, nikasikiliza tena, siku tatu. Ikawa:

*Nimehesabu makasha, mchana hata usiku,*
*Hesabu zikanichosha, sikupumzika siku,*
*Leo nyimbo zanikesha, nina hamu na shauku.*

Sisemi ni ubeti wa kutundikwa ukutani. Lakini unaimbika, na bila kujisikiliza nisingeujua mguu wake uliokuwa mfupi.

Upungufu wa simu ni kuwa ilitengenezwa kwa mazungumzo. Programu nyingi za kurekodia zilizomo ndani yake hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe, na hufuta chochote kinachodhaniwa ni kelele. Ukivuta sauti ndefu, ile ya kughani hasa, simu hudhani ni mvumo wa mashine, ikaanza kuififisha. Mwalimu alidhani pumzi zake zimeisha kwa uzee, akataka kwenda kwa daktari. Tulipoweka programu ya BandLab, ambayo ni ya bure na hukuwezesha kurekodi traki, yaani safu moja ya sauti, juu ya nyingine, pumzi zake zikarudi. Inataka bando, lakini si kubwa kwa nyimbo za sauti na ala moja. Wenye iPhone wana GarageBand bila malipo, na sioni haja yao ya kuhangaika na nyingine.

Mambo matatu ya simu, haraka. Zima mtandao wa kupiga na kupigiwa unaporekodi, maana shemeji yako atapiga tu kwenye ubeti wa mwisho. Tumia hedifoni za waya, si za Bluetooth, kwa sababu hizo huchelewesha sauti na utajikuta unaimba nyuma ya ala yako mwenyewe. Na simu isimamishe juu ya rafu, usiishike mkononi, kwani kila mkwaruzo wa kidole huingia.

Laptopu: kwa mwenye subira na meza

Hapa ndipo mimi nilipotua, na ndipo mwalimu aliponiacha. Yeye anasema alifundisha miaka 34 na hataki tena kuwa mwanafunzi. Namwelewa. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nikimwita mjukuu kila dakika kumi, naye kila mara: "Babu, nilikuonyesha jana."

Programu kwanza. Audacity ni ya bure, ipo tangu 2000, na inakwenda hata kwenye laptopu iliyochoka. Kwa sauti yako na udi au gitaa, inatosha. Unaiona sauti kama mchoro, unakata kikohozi, unahamisha ubeti. Inapokuzidi ni pale traki zinapofika sita saba na unataka kuzirekebisha huku zikicheza. Hapo mimi nilihamia Reaper, ambayo hukupa siku 60 za kuijaribu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ni nyepesi sana, ila kuifungua mara ya kwanza ni kama kuingia ofisi ya kliaringi siku ya Ijumaa: karatasi kila mahali na hakuna wa kumuuliza.

Sasa maiki. Kuna ya USB inayochomekwa moja kwa moja, na kuna ya waya mnene inayopitia kadi ya sauti, kisanduku kidogo kati ya maiki na laptopu. Ya USB ni waya mmoja na basi. Kadi ya sauti hugharimu zaidi, lakini ile yenye matundu mawili hukuwezesha kurekodi sauti na ala kwa wakati mmoja, kila moja kwenye traki yake. Anayeimba huku akipiga ala mwenyewe asiumize kichwa, anunue kadi. Anayeimba juu ya kinanda alichokwisha kukirekodi, USB inamtosha.

Lililo zito zaidi ni aina ya maiki yenyewe. Mitandaoni utashauriwa ununue kondensa, ile inayotaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Ni maiki tamu, husikia kila kitu, na tatizo ni hilohilo. Yangu ilisikia sufuria ya jirani ghorofa ya chini. Halafu haipendi unyevu, na hewa yetu ya bahari ni unyevu mtupu. Siku moja ya mvua za Mei ikaanza kutoa milio kama bisi zinazokaangwa. Siku hizi inalala kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Maiki ya dainamiki, kama Shure SM58 iliyoko madukani tangu 1966, haina masikio marefu: inasikia kilicho mbele yake, kisha basi. Kwa Mji wa Kale, Majengo, Kongowea, popote palipo na watu na madirisha wazi, mimi nasema dainamiki. Ila bandia za SM58 zimeenea dunia nzima. Ukiona bei ya kushangaza, rudisha pochi mfukoni.

Na kuna neno ambalo hakuna mafunzo ya Kizungu yatakayokuambia. Sisi wasemaji wa Kimvita tuna *p* mbili. Paa la nyumba na p'aa wa porini si neno moja, na huyo wa porini hutoka na pumzi. Pumzi hiyo ikigonga maiki husikika kama mtu amepiga teke ubao. Vivyo hivyo t'aa, na k'aa wa baharini. Usiifute *p* yako ili kuipendeza mashine. Kaa umbali wa shubiri moja, geuza kinywa kidogo upande, na weka mbele ya maiki soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya wa hanga. Pumzi itavunjika, neno litabaki.

Kiwango cha sauti kisivuke alama ya -6 kwenye kipimo cha programu hata pale unapopaza. Ukirekodi kwa biti 24 (kipimo cha kompyuta unachokichagua kwenye programu, si biti ya mdundo) huna sababu ya kuibana sauti juu. Ikiwa ndogo utaikuza baadaye, ikipasuka imepasuka.

Umeme ukikatika, laptopu yenye betri nzima haikudhuru. Ndiyo maana sikumshauri mwenzangu mmoja achukue kompyuta ya mezani aliyotaka kuuziwa rahisi.

Studio: mwenye kubonyeza ni mwingine

Mwalimu ana hoja hapa, nami siikatai. Studio kuna kiyoyozi kisicho na kelele, milango mizito, na kijana anayejua kazi. Wewe unaimba tu. Tena unatoka nyumbani, unavaa shati safi, unakutana na watu. Kwa mjane kama yeye, hilo ni kubwa kuliko ubora wa maiki, na mimi mwenye nyumba iliyojaa wajukuu nilichelewa kuliona.

Pia si lazima kila kitu kitoke kwa mtu mmoja. Mji huu ndio huohuo ambao Ahmad Nassir, malenga wa Mvita, alitunga na Juma Bhalo akaimba. Kama una maneno na huna sauti, studio ndiko watakakokukutanisha na mwenye sauti. Simu na laptopu haziwezi hilo.

Ubaya wake ni saa. Unalipia muda, na muda unaolipiwa hukimbia. Sauti ya mtu wa miaka 60 na kitu inataka kupashwa moto nusu saa nzima kabla haijatulia, na hiyo nusu saa nayo inalipiwa. Fanya mazoezi nyumbani kwa simu, jua ufunguo unaokufaa (zetu hushuka kadiri miaka inavyopanda, wala si aibu), ndipo uende.

Kisha kuna suala la ladha. Kijana aliyenirekodi aliniambia kwa heshima zote, "Mzee, tukiweka biti ya sasa hii itachezwa hata harusini." Nikamjibu, "Mwanangu, sitaki wacheze, nataka wasikie maneno." Tukaelewana nusu njia: ngoma ya chakacha, laini, na hakunitia ile mashine ya kunyoosha sauti. Usiposema mapema unachotaka, utarudi nyumbani na wimbo mzuri wa mtu mwingine.

Yaliyompata mwalimu nayasema bila kutaja mahali. Alirekodi nyimbo nne, akapewa MP3 kwa WhatsApp, akafurahi. Miezi mitano baadaye alitaka kurekebisha neno moja katika ubeti wa pili. Akaambiwa diski iliharibika, hakuna kitu. Zile MP3, ambazo ni sauti iliyokwisha kubanwa, ndizo alizobaki nazo. Kabla hujalipa mwisho, dai faili za WAV, ambazo sauti yake haijabanwa, na traki zikiwa kila moja mbalimbali, ndani ya flashi yako mwenyewe.

| | Simu | Laptopu | Studio |
|---|---|---|---|
| Gharama ya kuanza | Hedifoni za waya tu | Maiki, pengine kadi. Laptopu kama huna | Hakuna |
| Gharama ya kuendelea | Bando | Karibu hakuna | Kila wimbo unalipia |
| Kinachochosha | Kioo kidogo, macho | Kujifunza, wiki za kwanza hasa | Saa inayokimbia, safari |
| Kurekebisha neno kesho yake | Rahisi | Rahisi kabisa | Miadi nyingine, malipo mengine |
| Nani yuko nawe | Peke yako | Peke yako, na mjukuu akipenda | Watu |

Ala nitaipitia kwa kasi kwa sababu wengi wenu mnayo tayari. Asiyewahi kushika ala yoyote achukue kinanda cha umeme chenye midundo ndani: kina kitufe cha kushusha na kupandisha ufunguo, hakiumizi vidole, na huingia kwenye simu au laptopu kwa waya bila maiki. Udi ni mtamu zaidi kwa nyimbo zetu, lakini kuanza ukiwa na miaka 60 na maungo yanayokaza asubuhi kunataka moyo. Gitaa liko katikati. Nyuzi zake za chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi, zipanguse kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Masikio ya nani?

Hili linahusu njia zote tatu, nami nililijifunza kwa aibu. Masikio yetu yakizeeka hupoteza kwanza sauti za juu kabisa, zile nyembamba. Nilipochanganya traki za wimbo wangu wa tatu niliona umefifia, nikapandisha sauti za juu mpaka nikaridhika. Nikamsikilizisha binti yangu, akaziba masikio: "Baba, hii ni filimbi ya trafiki?" Mimi sikusikia filimbi yoyote. Tangu siku hiyo simalizi wimbo bila sikio la mtu aliye chini ya miaka 30. Studio mtu huyo yupo tayari. Nyumbani inabidi umtafute, na kumpa chai na mahamri.

Kuhusu haki yako: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, wimbo ni wako tangu ulipouandika au kuurekodi, na haki hiyo inaishi maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo wajukuu watairithi. Ukirekodi mwenyewe mambo ni mepesi. Ukirekodi studio juu ya biti ya kijana, biti huenda ikawa yake. Andikianeni karatasi fupi siku hiyohiyo, na iwe na sahihi mbili. Na ile desturi yetu ya kale ya kuazima lahani za filamu za Kihindi, ibaki kibarazani. Ukiipandisha YouTube mitambo yao huweza kuitambua, na wimbo ukafungwa au mapato yakaenda kwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: miezi sita ya kwanza simu, bila kununua chochote zaidi ya hedifoni za waya. Ukifikisha nyimbo tano zilizokamilika na bado unaamka na ubeti kinywani, nunua maiki ya dainamiki na uingie laptopu. Studio nenda mara moja kwa mwaka, na ule wimbo mmoja uliokushinda kuuacha. Ukimuuliza mwalimu: simu ya kutungia, studio ya kurekodia, laptopu waachiwe makarani. Mwenye upweke amsikilize yeye. Mwenye kupenda kurekebisha neno moja mara 20 anisikilize mimi.

Jumamosi hii yeye anarudi studio, nyingine, upande wa Tudor, kuzirekodi upya zile nne. Nitamsindikiza. Flashi nimemnunulia mimi, na ameifunga kwenye mnyororo mmoja na funguo za nyumba.